Pepesa, Mwewe

Mama mkwe wa Mwewe aliamini kabisa kwamba mwanawe anamliza mkewe. Kila jioni mkamwana alirudi kazini macho mekundu, machozi yakimchuruzika mashavuni, akajitupa kwenye kochi na kuanza kujipangusa kwa leso. Bibi huyo hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Siku moja alimwita mwanawe jikoni, akafunga mlango na kumuuliza amemfanya nini mtoto wa watu. Mwanawe alikuwa fundi viatu, mpole kiasi cha kukiomba radhi kiti alichojigonga nacho. Aliapa kwa kila alichojua kwamba hajafanya kitu. Mama yake hakumsadiki hata kidogo, na jioni ile alimpakulia ukoko mtupu.

Mwewe alipohadithiwa alicheka mpaka mbavu zikamuuma, na kucheka kwenyewe kukamchoma. Hakuwa analia. Macho yake yalikuwa kama yamemwagiwa mchanga. Asubuhi kope zilifumbuka kwa shida, mchana ziliwaka moto, na jioni machozi yalijifungulia yenyewe kama bomba bovu.

Jina la Mwewe alipewa kazini, na lilimkaa sawasawa. Alikuwa mwendesha winchi, ile ndefu inayosimama katikati ya ujenzi na kuzungusha mkono wake juu ya mapaa ya watu. Kibanda chake cha vioo kilikuwa juu kuliko ghorofa ya mwisho. Alipanda ngazi asubuhi akiwa na kifurushi chake cha chakula, akateremka jioni, na katikati hapo kila tofali, kila nondo na kila gunia la saruji lilipita mikononi mwake. Chini alisimama mwelekezaji wake, bwana mmoja waliyemwita Kengele kwa sababu ya sauti yake, akiwa na redio mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa macho ya Mwewe pale Mwewe asipoweza kuona. Walikuwa wamefanya kazi pamoja muda mrefu hata Kengele akikohoa tu, Mwewe alijua mzigo uende kushoto.

Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Mzee aliendesha winchi kwenye yadi za makontena maisha yake yote, na kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, wala hakujali, alimfundisha binti yake angali mdogo. Alifunga nati kwenye uzi, akaweka chupa mezani, akamwambia aishushe ile nati ndani ya mdomo wa chupa bila kugusa ukingo. Na bila kupepesa macho. Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi. Mzee aliketi ng'ambo ya meza akimkodolea, na binti akipepesa tu, nati inarudi juu, wanaanza upya. Mzigo ukiwa hewani usipepese, alimwambia, maana chini kuna watoto wa watu. Mwewe alilia, akazira, akarudi mezani, mpaka siku moja akamshinda baba yake mwenyewe. Mzee alizunguka mtaa mzima kutangaza.

Basi ukimkuta Mwewe kibandani, utamkuta amekodoa kama sanamu. Wenzake walijivunia jambo hilo. Wageni wakija kazini walionyeshwa juu na kuambiwa kwamba mama yule hapepesi tangu asubuhi. Walitia chumvi, lakini si nyingi.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Mwewe alikuwa anashusha furushi la nondo kando ya jukwaa la mafundi rangi. Alikodoa kama kawaida yake, macho yakawaka kama kawaida yake, kisha machozi yakafurika ghafla na furushi moja likawa mafurushi mawili. Akalishusha lile lisilokuwepo. Nondo zilikwaruza jukwaa, ubao ukachomoka, ukaanguka chini na kupasuka. Kengele alikuwa amekwisha kuwaondoa watu wote pale, na hilo tu ndilo lililowaokoa. Mwewe alisimamisha mtambo, akateremka ngazi bila kungoja kuitwa.

Msimamizi wa ujenzi alimwita ofisini kwake, ndani ya kontena lenye dirisha moja. Hakupiga kelele, na hilo lilimwogopesha Mwewe zaidi. Alimkumbusha kwamba mwishoni mwa mwezi ujao lingepandishwa daraja la chuma, lile la kuunganisha majengo mawili, kazi ambayo ujenzi mzima ulikuwa unaisubiri. Daraja lilikuwa na matundu manne, na kila tundu lilitakiwa kukaa juu ya bolti yake bila kubakia nafasi ya kupitisha kidole.

"Nenda kaangaliwe macho," alimwambia. "Ukipona, daraja ni lako. Usipopona nitamleta mtu mwingine, na nikishamleta siwezi kumtoa kwa ajili yako."

Kwa wakati huo, alipelekwa stoo kugawa helmeti na glavu. Mwewe aliyezoea kuona mji mzima chini ya miguu yake sasa alikaa akitazamana na ukuta, na kila winchi ilipolia nje roho yake iliruka. Kijana wa muda aliyekalia kiti chake alikuwa mzuri tu, na hilo halikumfariji hata kidogo.

Kabla ya kwenda kwa daktari alifanya wafanyavyo watu. Alinunua dawa ya matone ya kung'arisha macho, ile inayofukuza wekundu. Wekundu ulikimbia asubuhi, ukarudi mchana na jamaa zake. Akaenda kwa baba yake. Mzee naye macho yake yalikuwa mekundu, yakitoka maji miaka nenda miaka rudi, na alimwambia kwamba macho ya winchi ndivyo yalivyo, ajikaze. Mwewe alimtazama akimimina chai nje ya kikombe. Mzee aliwaambia watu kwamba aliacha kazi kwa kuchoshwa na ngazi. Binti yake hakuwahi kuamini habari za ngazi, ila hakuwahi kumuuliza, na jioni ile aliondoka akiogopa kuliko alivyokuja.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimwekea kijikaratasi chembamba kwenye kope ya chini, akamtia rangi ya manjano machoni, akazima taa na kummulika kwa mwanga wa buluu. Alichungulia kwa muda, akawasha taa, akavuta kiti.

"Macho yako ni makavu," alisema.

Mwewe alidhani hajasikia vizuri. Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni. "Daktari," alimwambia, "nikuazime leso ufute miwani?"

Daktari alicheka, akaipokea leso ile na kumpangusa yeye. Kisha akamweleza. Hayo yanayomwagika ni maji tu. Jicho likikauka linaumia, likiumia linaita maji kwa fujo, maji yanakuja yote kwa pamoja na kumwagika nje bila faida. Chozi zuri hukaa. Lina mafuta membamba juu yake yanayolizuia lisikauke, na mafuta hayo hutoka kwenye vitundu vidogo vilivyojipanga kwenye kingo za kope. Mtu akipepesa, kope hukamua mafuta na kuyapaka jicho zima. Vitundu vyake yeye vilikuwa vimeziba.

"Tangu umekaa hapo nakuangalia," daktari alisema. "Sijawahi kuona mtu anayepepesa kidogo kama wewe."

Mwewe, kwa kuzoea sifa, nusura aseme asante.

Akaulizwa maswali ambayo hakutegemea kuulizwa na mtu wa macho. Kibandani kuna feni? Ipo, maana vioo vinapika mtu, na ameielekeza usoni. Maji anakunywa? Hapo Mwewe aliona haya kidogo. Juu hakuna choo na ngazi ni ndefu, kwa hiyo hakunywa kitu mpaka jioni. Na yale matone ya kung'arisha? Daktari alitikisa kichwa, akamwambia ayaache leo hii, maana ukiyazoea jicho linazidi kuwa jekundu. Akamwandikia matone ya machozi ya bandia. Akamwagiza kufumba macho asubuhi na jioni chini ya kitambaa cha maji ya moto kiasi cha kuvumilika, kisha kusugua kope taratibu kwa kidole na kusafisha kingo zake. Feni igeuke itazame miguu. Maji anywe, ngazi apande ateremke. Na apepese, kope zikutane kabisa, si nusu nusu. Akaonya kwamba hii si homa itakayopita. Itatulia akiitunza, itarudi akiiacha, na kama haya yote hayatasaidia arudi, dawa nyingine zipo.

Mwewe alifikiria winchi yake. Juu ya kibanda chake kulikuwa na magurudumu ya kupitisha waya wa winchi, na yalipakwa grisi kila mara. Gurudumu likikosa grisi hupiga mayowe, kisha huula waya, na siku mzigo unapoanguka watu hushangaa umeanguka kwa nini.

"Kumbe ni grisi," alisema.

"Ni grisi," daktari alikubali.

Nyumbani habari zilifika vibaya. Fundi viatu alimwambia mama yake kwamba mkewe amekutwa na macho makavu, na bibi akawaka papo hapo kwamba katika nyumba hii hakuna atakayemwita mkamwana wake mtu asiye na haya, hata awe daktari. Ilibidi aelezwe tangu mwanzo, kijikaratasi, rangi ya manjano na yote. Alipoelewa aliinuka, akaenda jikoni, na jioni hiyo mwanawe alipakuliwa kipande cha nyama kilichoizidi sahani. Msamaha wake ulikuwa huo. Kuanzia hapo yeye ndiye aliyeshika usukani wa matibabu. Alichemsha maji, akayapima kwa kifundo cha mkono, akamlaza Mwewe kwenye kochi na kumfunika macho kwa kitambaa. Kilipopoa alileta kingine kabla hajaombwa. Ukijaribu kuchungulia unapigwa kofi la mkono.

Mwanzoni Mwewe hakuona nafuu yoyote. Macho yaliwaka vilevile, na kila siku iliyopita ilisogeza lile daraja karibu. Kuna asubuhi alisimama mbele ya kioo ameshika ile chupa ya kung'arisha, akiwaza ajitie, ajionyeshe kwa msimamizi akiwa na macho meupe, apande, basi. Alijua ni uongo ambao ungemfikisha juu na kumwacha huko. Akaifungua na kuimimina yote kwenye sinki, akiogopa kwamba akiitupa nzima ataifuata jalalani.

Halafu ikaja asubuhi nyingine. Alifumbua macho, yakafumbuka. Hivyo tu, bila kubandukana, bila moto. Alilala akitazama dari, akahesabu mbao zake, akaona hata misumari. Alimwamsha mumewe kumwonyesha misumari. Fundi viatu alikubali kwamba ni misumari, akarudi kulala, na Mwewe aliendelea kutabasamu peke yake.

Lakini kupepesa kulimshinda. Sebuleni alipepesa vizuri. Alipofunga nati kwenye uzi na kuweka chupa mezani, mkono wake ulipoanza tu kushuka, macho yalijikodoa yenyewe. Akijilazimisha kuyafumba, mkono uliganda na jasho likamtoka. Alisikia sauti ya baba yake kama vile mzee yuko ng'ambo ya meza. Yote mengine aliyoagizwa yalikuwa kazi ya mikono. Hili liliingia mpaka kwenye hofu yake, na akaanza kuhisi kwamba hapo ndipo atakapomwaga unga.

Kengele ndiye aliyelipatia dawa, tena kwa kuja kunywa chai. Alimtazama akihangaika na nati, akaweka kikombe chini.

"Kwani mzigo tunaushusha kwa mkupuo mmoja?" aliuliza. "Nasema shusha, nasema simama, naangalia. Ukisimama mzigo hauendi popote. Huko kusimama kote wewe unakodoa nini?"

Mwewe akaivuta nati juu tena. Kengele akakaa ng'ambo ya meza, mahali pa mzee, akashika kijiko kama redio na kuanza. Shusha. Simama. Pepesa. Shusha. Mara ya kwanza nati iligonga chupa, na mara zilizofuata pia. Walirudia mpaka mama mkwe akawaambia chupa yake ikivunjika watainunua. Kisha neno lilipotoka kope zilifumba zenyewe, zikafumbua, na nati ilikuwa palepale inamsubiri. Ikashuka ndani ya mdomo wa chupa bila kugusa.

Wakati huo mlango ulikuwa wazi na baba yake Mwewe alikuwa amesimama hapo. Hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

"Unamfundisha mwanangu kuua watu," alimwambia Kengele.

"Baba," Mwewe alisema, "zile nondo zilinipotea nikiwa nimekodoa."

Mzee aliitazama ile nati ndani ya chupa. Aligeuka na kuondoka bila kugusa chai, na Mwewe alikaa na uchungu usiku kucha. Hakuwahi kumjibu baba yake hivyo maishani.

Daktari alimwangalia tena kwa mwanga wake wa buluu, na safari hii ile rangi ya manjano ilikaa juu ya jicho, haikukatikakatika haraka. Msimamizi alimrudisha juu kwa mizigo midogo, matofali kwanza, mchanga baadaye, naye akisimama chini mikono mfukoni. Redioni Kengele alianza kutia lile neno lake kati ya maneno ya kazi. Eneo zima lilicheka. Wapishi wa chakula cha mchana walipepeseana macho wakipokezana masahani. Mwewe aliwaacha wacheke, maana mizigo ilikuwa inatua kama karatasi, na siku moja msimamizi alitoa mikono mfukoni na kumwambia daraja ni lake.

Siku ya daraja hakuna aliyefanya kazi nyingine. Upepo ulikuwa umetulia. Mwewe alipanda na chupa ya maji, akaigeuza feni itazame viatu vyake, akajitia matone, akaketi. Kwa mbali aliona uzio na watu walioukumbatia. Mumewe alikuwepo, mama mkwe alikuwepo amevaa helmeti ya kuazima kama amezaliwa nayo, na pembeni yao, peke yake, alisimama mzee. Mwewe alimtambua kwa jinsi alivyoinua uso.

Daraja liliinuka. Chuma kizima kile, kirefu kuliko nyumba yao, kikaacha ardhi kimyakimya, kikapanda, kikageuka taratibu juu ya vichwa vya watu hadi kikakaa sambamba na majengo mawili. Shusha. Simama. Pepesa. Hakuna aliyecheka sasa. Neno lilisikika kwenye kila redio, watu wakalisubiri. Kope zikakutana, zikaachana, na bolti nne zilikuwa palepale zinamsubiri.

Nafasi ya mkono mmoja tu ilipobaki kati ya chuma na chuma, macho yalianza kuwaka. Aliijua hali ile. Mwewe wa zamani angekodoa zaidi, angejikaza, na maji yangefurika. Alibonyeza redio yeye mwenyewe.

"Simama," alisema. "Wote tulieni. Nafumba macho."

Kengele aliinua mkono, mafundi wakatulia. Chini, watu walikaa roho mkononi wakitazama daraja linaning'inia na wakijua anayelishikilia haoni. Mwewe alitoa matone, akayatia, akafumba. Akaacha kope zipumzike, mkono umetulia, mzigo umetulia. Giza lile aliloliogopa tangu utotoni halikumwangusha mtu. Alivuta pumzi hadi kifua kikajaa.

Alipofumbua, aliziona bolti na hata nyuzi zilizochongwa juu yake. Shusha, akasema Kengele. Chuma kikaingia kwenye chuma, matundu yote manne, na mlio uliotoka ulikuwa mdogo kama wa mlango mzuri ukifungwa.

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka juu. Mafundi walirusha glavu, msimamizi alimkumbatia mpishi, na Kengele alikuwa anasema pepesa, pepesa, pepesa kwenye redio bila sababu yoyote. Mwewe alipiga meza ya kibanda kwa viganja vyote viwili na kucheka kwa sauti kubwa peke yake juu ya mji. Kiti kilikuwa chake. Alikitaka, akakipata, na hakuwa na haja ya kujifanya mnyenyekevu.

Alipofika chini alipasua kati ya watu mpaka kwenye uzio. Mzee alikuwa amesimama vilevile, machozi yanamtiririka, na mama mkwe alikuwa anampigapiga bega akimwambia siku ya furaha hii, baba, mtu halii.

"Silii," mzee alisema kwa ukali.

"Najua, Baba," Mwewe alimjibu.

Alitoa leso na kumpangusa kama daktari alivyompangusa yeye. Mzee alivumilia, akitazama juu kule daraja lilikokaa.

"Niliposikia unafumba macho, nilitaka kuukwea uzio huu," alisema. "Halafu likakaa." Aliichukua ile leso, akajipangusa mwenyewe. "Zile ngazi hazikunichosha, mwanangu. Nilikuwa sioni."

"Najua."

"Hicho kitambaa chenu. Maji yake huwa ya moto kiasi gani?"

Mama mkwe hakumpa Mwewe nafasi ya kujibu. Jioni hiyo baba na binti walikaa kochi moja, vichwa nyuma, macho yamefunikwa, huku bibi akipita na sufuria na fundi viatu akishika taulo. Mzee alianza kulalamika kwamba yanaunguza, akaamriwa anyamaze. Baadaye kidogo kitambaa kiliondolewa, akakaa ameikodolea dari kama alivyozoea maisha yake yote.

"Pepesa, Baba," Mwewe alimwambia.

Mzee akapepesa.